Mwili wa Mwalimu wa Mazoezi

Liko swali lililoingia katika nchi yetu ya Djugu bila kupiga hodi. Mtu akitaka kumlipa mwalimu wa kumfundisha mazoezi ya mwili, je, yampasa autazame kwanza mwili wa mwalimu huyo? Akimwona ana kitambi, amkatae? Akimwona ana kifua kama mlango wa kanisa, amkubali papo hapo?

Wazee wetu hawakuwa na swali hili. Nguvu zao zilitoka katika jembe, katika milima ya Blukwa na Fataki, katika mitungi ya maji na mizigo ya kuni. Nani angetoa fedha yake ili afundishwe kupanda mlima, hali mlima upo mlangoni pake? Lakini siku hizi mambo yamegeuka. Huko Bunia, na hata katika miji ya dhahabu kama Mongbwalu, watu wengi hushinda juu ya kiti: karani, mwuza duka, fundi wa simu, dereva wa pikipiki. Njia tuliyokuwa tukiikata kwa miguu sasa twaikata tukiwa tumekaa. Na madaktari watuambia kwamba ugonjwa wa damu kupanda, ule tuuitao tansiyo, pamoja na kisukari, huwapata hata watu wasio na mali. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa kuchangamsha mwili kila juma. Basi wengine huamka alfajiri wakakimbia barabarani kwa makundi, wakiimba. Wengine huingia katika vyumba vya kunyanyua vyuma. Na wengine, wenye fedha kidogo au wenye ugonjwa uliowatisha, hutafuta mwalimu wa peke yao, wa kumlipa kwa mwezi.

Fedha hiyo hutoka mahali. Hutoka katika ada ya shule ya mtoto, au katika mfuko wa mihogo uliouzwa sokoni. Na mwili utakaokabidhiwa kwa mwalimu huyo ni mmoja tu. Goti likivunjika halina la akiba. Kwa hiyo swali si la mchezo, ingawa vijana huliuliza wakicheka.

Wale wasemao kwamba mwili utazamwe wana sababu zao, na si sababu za kipumbavu. Wasema hivi: mwalimu wa mazoezi wa hapa kwetu mara nyingi hana cheti cha kuonyesha, basi mwili wake ndio cheti chake. Kama dawa yake ni nzuri, mbona yeye mwenyewe hakuinywa? Ukimwona mtu auza dawa ya kuotesha nywele, naye ana upara, hutampita haraka? Tena wasema kwamba mwanafunzi hufuata kwa macho kuliko kwa masikio, na mtu aliyechoka, jasho likimwingia machoni, hahitaji maneno. Ahitaji kumwona mbele yake mtu aliyekwisha kupita njia ile.

Na kuna upande wa pili, nao una methali zake. Kinyozi hajinyoi. Mganga hajigangi. Wahenga walikwisha kuona kwamba ufundi wa mtu hauonekani daima katika nafsi yake. Fundi wa nguo huenda na kanzu iliyochanika, kwa sababu mchana kutwa ashona za wengine. Tukimtafuta seremala, twatazama meza alizowatengenezea watu, hatuendi kuhesabu viti vya nyumbani kwake.

Methali hizi ni nzuri, lakini tusizimeze bila kutafuna. Kinyozi hajinyoi kwa sababu mkono wake haufiki kisogoni na jicho lake halioni huko. Kizuizi kipo, nacho si kosa lake. Je, mwalimu wa mazoezi ana kizuizi gani? Mkono wake wafika. Aweza kukimbia asubuhi kama awezavyo kuwakimbiza wengine. Kwa hiyo wenye kumtetea kwa methali ya kinyozi wamemtetea nusu tu. Yatupasa tutafute mfano ulio karibu zaidi na jambo lenyewe, nasi tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Katika nchi ya Kenya, juu ya bonde kuu la ufa, uko mji mdogo uitwao Iten, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari. Hapo ipo shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrick. Mwaka 1976 alifika shuleni hapo mtawa kijana kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick. Alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Alimkuta pale Mwingereza mmoja, Pete Foster, aliyekuwa akiwafundisha wavulana mbio. Na Foster alipoondoka, kazi ile ikamwangukia Bruda.

Alifanya nini? Alitazama. Alisimama kando ya uwanja na kuwatazama wavulana wale jinsi wanavyoweka nyayo, jinsi wanavyobeba mabega, ni nani anayechoka kwanza na kwa nini. Akawauliza wenyewe. Vitu alivyokosa miguuni mwake alivikusanya kwa macho na kwa miaka. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Peter Rono aliyesoma katika shule ile alishinda mbio za mita 1,500 akapata medali ya dhahabu. Wilson Kipketer, mwanafunzi mwingine wa shule ile ile, aliyekuja kuikimbilia nchi ya Denmark, aliweka mwaka 1997 rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilikaa miaka 13. Aliyeivunja mwaka 2010 alikuwa nani? Ni David Rudisha, mwana wa Kimasai aliyekuja kwa Bruda akiwa kijana wa mita 400, akashauriwa ajaribu mita 800. Na tarehe 9 Agosti 2012, huko London, Rudisha alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41. Basi rekodi ya dunia ilitoka katika mikono ya mwanafunzi mmoja wa Bruda ikaingia katika mikono ya mwanafunzi wake mwingine, na mwalimu wao hakuwa mkimbiaji.

Kama mtu angemchagua mwalimu kwa kutazama miguu, angempita mtawa yule akaenda zake.

Hata hivyo nisiwafiche upande wa pili wa Kenya hiyo hiyo. Mwaka 1992 katika Olimpiki ya Barcelona, mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Wakenya walichukua medali zote tatu. Wa kwanza alikuwa Matthew Birir, naye alitoka katika shule ya Iten. Wa pili alikuwa Patrick Sang. Huyu Sang alikuwa bingwa wa kweli: alipata pia medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya mwaka 1991 na ya mwaka 1993. Alipoacha kukimbia akawa mwalimu. Kijana mmoja jirani yake huko Nandi alimwendea kumwomba ampangie mazoezi, akampangia, kijana akarudi kuomba mengine. Kijana yule ni Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2021, na ambaye mwaka 2019 huko Vienna alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi kwa jinsi zilivyopangwa.

Sasa twasema nini? Mwalimu asiyekimbia amezaa bingwa. Mwalimu aliyekimbia hata akapata medali amezaa bingwa. Katika mbio moja ya Barcelona mwanafunzi wa yule wa kwanza alimtangulia yule wa pili, na yule wa pili baadaye akamlea mkimbiaji ambaye wengi humwita mkuu wa marathoni zote. Mwili wa mwalimu, basi, haukuzuia wala haukutosha. Sang alikuwa na jambo moja ambalo Bruda hakuweza kulipata: ajua katika mifupa yake mwenyewe uchungu wa mzunguko wa mwisho, wakati kiunzi chaonekana kirefu kama ukuta. Elimu ya namna hiyo ipo, nami siidharau. Lakini ni elimu aliyoipata kwa kukimbia zamani. Kama leo Sang angenenepa mara mbili, elimu hiyo isingetoka ndani yake. Macho yetu yanapoutazama mwili wa mwalimu huona hali yake ya leo tu. Aliyoyapitia hayaandikwi tumboni.

Labda mmoja ataniuliza: Je, wale wavulana wa Iten si watoto wa milimani, wenye vifua vilivyozoea hewa nyembamba, ambao wangeshinda hata kama mwalimu wao angekuwa mti wa mkaratusi? Swali hili ni zuri kuliko yote, na watu wengi hulisahau. Ni kweli, mwalimu apataye wanafunzi wenye kipaji huvuna sifa ya kipaji chao. Lakini mabonde na milima ile ilikuwapo kabla ya mwaka 1976, tena walimu wengine walikuwa juu ya milima hiyo hiyo wakiwa na watoto wa aina ile ile. Kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya Bruda, na sehemu si yake. Hapo twapata kanuni ya kutufaa sisi wadogo: usimpime mwalimu kwa mwanafunzi wake aliye bora. Mpime kwa yule wa katikati. Kijana wa miaka 20, mwenye afya, atatanuka kifua hata akifundishwa na mjinga. Lakini yule mwanamke wa miaka 50, mwenye uzito na pumzi fupi, akiwa amefundishwa miezi sita na sasa apanda ngazi bila kushika ukuta, huyo ni cheti. Na ukipata nafasi, waulize pia walioacha. Wengine waliacha kwa uvivu wao, lakini wengine waliumizwa.

Tuje nyumbani Kongo. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipigana na George Foreman katika uwanja ambao leo waitwa Tata Raphaël, kwa kumkumbuka Padri Raphaël de la Kethulle wa Shirika la Scheut, aliyewaanzishia vijana wa mji ule shule na michezo, akafa mwaka 1956. (Padri yule aliwapangia wengine mpira miaka na miaka, sidhani mtu alimwuliza kama yeye mwenyewe apiga mpira vizuri.) Katika kona ya Foreman alikuwapo Archie Moore, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wake kwa miaka mingi kuanzia mwaka 1952. Katika kona ya Ali alikuwapo Angelo Dundee, ambaye hakupata jina kwa ngumi zake. Dundee aliianza kazi yake New York kwa kubeba ndoo za maji katika chumba cha mazoezi, akiwatazama walimu wa zamani jinsi wanavyofunga mikono ya mabondia na jinsi wanavyosema nao. Ali alishinda katika raundi ya nane.

Sitaki mtu aseme kwamba Foreman alishindwa kwa sababu ya mwalimu. Alishindwa kwa joto, na uchovu, na ujanja wa mtu aliyejilaza kwenye kamba akamwacha ajichoshe. Ninalolitaka ni jambo la miaka 14 kabla yake. Mwaka 1960, Ali alipotoka Olimpiki ya Roma na medali yake, alipelekwa kwanza kwa huyu huyu Archie Moore huko California ili amfundishe. Hawakuelewana. Bingwa yule alimtaka kijana afagie na kuosha vyombo kama wengine wote kambini, na kijana hakutaka. Tena Moore alitaka kumfundisha apigane kwa namna yake Moore. Ali akaondoka akaenda kwa Dundee, naye hakumlazimisha awe mtu mwingine. Hii ndiyo hatari ya mwalimu mwenye mwili wa kupendeza, hatari ambayo watu hawaioni: huelekea kukufundisha mwili wake, wala si wako. Yeye alizaliwa na mifupa mipana. Uzito alioubeba akiwa na miaka 18 akuambia wewe uubeke mabegani ukiwa na miaka 45. Na aliyekuwa na nguvu tangu tumboni mwa mama yake hajui nguvu hupatikana kwa njia gani, kama vile mtu aliyezaliwa na Kiswahili asivyoweza kukueleza kwa nini twasema hivi na hatusemi vile.

Kuna hatari nyingine iliyo mbaya zaidi, na hapa natamani kila mzazi asome polepole. Mwili waweza kusema uongo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika nchi yetu, hasa mijini, watu hunywa vidonge ili wanenepe au wapate makalio na mashavu ya kupendeza. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya mzio, ambayo humwongezea mtu njaa na kumtia usingizi. Kingine ni deksametazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, yenye manufaa makubwa mkononi mwa daktari. Ukiinywa bila daktari, siku nyingi, mwili hushika maji, uso huwa wa mviringo kama mwezi, damu hupanda, sukari hupanda, mifupa hulegea. Na ukiiacha ghafula waweza kuanguka, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Na wanyanyua vyuma nao wana dawa zao, zile homoni za kiume zinazojaza misuli upesi, halafu zikaudhuru moyo na ini, na kumnyima mwanamume uzazi. Hata Kenya yenye mabingwa ililazimika mwaka 2016 kutunga sheria ya kupambana na dawa katika michezo.

Basi yule kijana ambaye mwili wake ndio cheti chake, cheti hicho kimetiwa muhuri na nani? Kama ni jasho, vema. Kama ni kidonge, wewe utafanya mazoezi yake kwa miezi mitatu usione kitu, ujilaumu kwa uvivu. Halafu siku moja atakunong'oneza kwamba ipo njia ya mkato, na bei yake ni ndogo. Mtu aliyemchagua mwalimu kwa macho amekwisha kuwa tayari kusikia neno hilo, kwa sababu alikuja kununua umbo. Ndiyo maana nasema swali letu si la mchezo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama mtu aweza kweli kumfundisha mwenzake, akajibu kwa mfano wa daktari. Daktari haingizi afya yake ndani ya mgonjwa. Ni asili ya mgonjwa iponyayo, na daktari husaidia tu, akiifuata njia ambayo asili yenyewe ingeifuata. Lakini, asema, mwalimu hana budi kuwa nayo tayari ile elimu anayotaka kuiamsha kwa mwanafunzi. Liangalieni neno hilo. Kinachotakiwa kiwe tayari ndani ya mwalimu ni elimu, na misuli si elimu. Msuli wako utajengwa na mwili wako, kwa chakula chako na usingizi wako. Mwalimu hatakuazima wake hata kidogo. Ila aijue njia: apime mzigo, ajue siku ya kupumzika, atofautishe maumivu ya uchovu na maumivu ya jeraha.

Je, basi tuseme kwamba maisha ya mwalimu hayatuhusu kabisa? Hapana. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji wa uwanjani, alisema kwamba yeye huutiisha mwili wake, asije akawahubiri wengine halafu mwenyewe akakataliwa. Hakusema habari ya umbo la mwili wake. Wapinzani wake walimdharau kwa udhaifu wake, naye hakukana. Alisema habari ya kuutiisha. Hapo ndipo penye mpaka. Kuna kitambi na kitambi. Mtu mmoja ana kitambi kwa sababu ya umri, au dawa anazomeza kwa ugonjwa, au miaka aliyolala kambini wakati wa vita bila kujua atakula nini. Hapa Ituri tunao wengi ambao miili yao imeandikwa na mambo ambayo hawakuyachagua. Mtu wa pili ana kitambi kwa sababu hayaamini hata kidogo anayoyafundisha. Akuambia uache bia, na Jumamosi yupo baa. Akuambia ukimbie, naye amekuja kwa pikipiki kutoka nyumba ya tatu. Kwa macho wawili hawa ni sawasawa. Lakini wa pili ana dosari ambayo itakufikia: atachoka na wewe upesi, maana kazi asiyoiamini mtu huifanya kwa saa, hata fedha itakapokwisha.

Bado Bwana wetu aliwaambia watu wayashike maneno ya waliokaa katika kiti cha Musa, wasiyafuate matendo yao. Kwa hiyo hata shauri la mlevi juu ya bia laweza kuwa la kweli, nawe ulishike. Ila kulishika shauri ni jambo moja, na kumlipa mtu kila mwezi ni jambo jingine.

Nitasimulia ya karibu. Mama mmoja wa parokia yetu, mjane, mwenye tansiyo, aliambiwa na mwuguzi aanze kuutembeza mwili. Watoto wake walio Bunia walichanga dola kidogo ili apate wa kumwongoza. Walijitokeza wawili. Mmoja kijana, mikono imejaa, anayefanya mazoezi pamoja na wanafunzi wake mwanzo hata mwisho. Wa pili mzee aliyekuwa akifundisha mazoezi katika shule ya msingi, mnene, goti moja bovu, naye hufundisha akiwa amekaa juu ya kiti na filimbi mdomoni.

Mama alinijia. "Mwalimu," akasema, "nimwamini yupi?"

Nikamwuliza, "Mama, walikuuliza nini walipokuja?"

Alifikiri kidogo. Kijana alimwuliza anataka kupungua kilo ngapi. Mzee alimwuliza anameza dawa gani, anazimeza saa ngapi, kama huona kizunguzungu akisimama, na mara ya mwisho damu yake ilipimwa lini. Nikamwambia asikate shauri bado. Aende kwanza kwa wanafunzi wao, tena atafute wanawake wa umri wake. Kwa kijana hakumpata hata mmoja; wote walikuwa vijana wenzake, na walimsifu sana. Kwa mzee aliwapata watatu. Mmoja alimwambia kwamba zamani alipokwenda sokoni alipumzika mara nne njiani, na sasa hupumzika mara moja. Mwingine alimlalamikia mzee kwamba ni mkali na hukawia.

Nilidhani jambo limekwisha, lakini mama alikuwa na lake, nami nililiona ni la akili. Alimwendea yule mzee akamwambia, "Baba, maswali yako nimeyapenda. Lakini mimi sitembei peke yangu huku mtu amekaa anapuliza filimbi kama ninalinda ng'ombe. Mimi nitatembea, na wewe utembee."

Mzee alilitaja goti lake. Mama akamjibu kwamba yeye naye ana moyo, na watakwenda polepole wote wawili. Wakabishana juu ya bei, mzee akapunguza kidogo. Walianza Jumatatu baada ya Misa ya asubuhi, kutoka kanisani hata kisimani na kurudi, mzee ana fimbo, mama ana saa ya mwanawe mkononi. Na habari ya vyuma mzee alisema isiguswe mpaka mwuguzi apime damu tena mwisho wa mwezi.